Omu Mbili

Mundhir alimwambia mama yake kwa simu, kutoka Suhar:
"Ni umri, mama. Mwili ukizeeka husikia joto hata penye baridi."
Basi Bi Thuwaiba akanyamaza wiki tatu
humo chumbani mwake, nyuma ya mitende,
kanga yenye maji begani,
kiyoyozi kikikoroma kama mgeni aliyeshiba:
upepo upo, ubaridi haupo.
Na Ibra, mwezi wa Julai, saa nane mchana,
hata paka hakanyagi kizingiti.

Nikaja na mita yangu na buti za vumbi.
Akanitazama juu hadi chini.
"Wewe ndiye fundi? Binti wa Mualim Saleh?"
Ndiye mimi.
"Basi kunywa kahawa kwanza. Umeme haukimbii."
Unakimbia, bibi, nikasema. Ila haufiki.

Kwenye bodi ya nyumba kubwa: volti mia mbili na arubaini,
kamili, kama mshahara kabla ya makato.
Nikatembea mita arubaini juani,
nikagusisha ncha mbili kwenye soketi yake:
mia mbili na kumi na sita.
Nikapima tena. Namba ya kwanza huwa siiamini.
Mia mbili na kumi na sita.
Koleo likaukumbatia waya mmoja: ampea kumi na mbili.

Volti ishirini na nne zimeshukia njiani,
hazikuaga.

Baba alisomesha fizikia miaka thelathini,
na sisi wanawe alitusomesha jikoni, tukiparua samaki,
kwa beti alizozitunga mwenyewe huku akitafuta chumvi:

*Gawa volti kwa ampea, ukinzani utajua*
*Wati zilizopotea, zidisha utazivua*
*Waya ukikuonea, usimlaumu jua*
*Hesabu hukutetea, uongo ikaumbua*

Nikageuza bili ya maji, nikaandika mgongoni mwake.
Ishirini na nne, gawa kwa kumi na mbili: omu mbili.
Huo ndio ukinzani wa waya wa taa
uliopewa kazi ya punda.
Ishirini na nne, mara kumi na mbili:
wati mia mbili themanini na nane.

"Nyingi?"

Karibu taa tano za zamani, bibi, zile za sitini sitini,
zinawaka ndani ya ukuta wako usiku na mchana
na hazimmulikii mtu.

Akainuka, goti moja kwanza, kisha la pili,
akapita nyuma ya kabati,
akabandika kiganja ukutani.
"Hapa," akasema. "Hapa pana uvuguvugu hata alfajiri.
Nikidhani jua limesahau kutoka."

Nikazima bodi. Nikapima tena, nipate hakika kuwa pamekufa.
Patasi ikala chokaa,
tukaikuta: nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono,
utepe umeyeyuka kama halwa ya jana,
shaba imegeuka rangi ya jino bovu.

"Nani alifunga hapa?"
Bi Thuwaiba alichelewa kujibu.
"Mundhir. Sikukuu mosi. Wenzake walikuwa nje, wanapiga honi."

Kisha akaomba simu yake, na miwani, na bili ya maji.
Akasoma polepole, kama asomaye barua ya mtu mwingine:
ishirini na nne... kumi na mbili...
mia mbili themanini na nane.
"Si umri, Mundhir. Ni omu mbili."

Simu ikanyamaza muda mrefu.
Nikafunga mkoba wangu, nikajifanya natafuta bisibisi.
Nilisikia sauti ndogo ikisema itatuma pesa, leo leo,
za waya mnene.

"Zilete mwenyewe," akasema. "Vitu vikipita njia ndefu hupungua."

Akakata.
Kile kifundo kilichoungua hakuniachia nikitupe.
Alikiweka kwenye sinia, kando ya tende,
akakifunika kwa kawa,
kimngoje Ijumaa.